Tofali Bichi la Darasa la Nne

4 Oktoba

Mwanangu Mwalimu Mkuu,

Nakusalimu hata kabla hujavuta kiti. Sisi huku wazima. Mimi ndiyo mzima kupita kiasi, juzi nimebeba matofali manane kwa mkupuo mbele ya vijana, wakanyamaza wote. Jirani yangu seremala bado anakohoa na bado mbishi. Yule kuku mwekundu aliyepotea amerudi na vifaranga tisa, wala hakueleza alikuwa wapi.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, usije ukadhani nimeandikiwa. Nimeanza jana asubuhi. Kalamu ndiyo mbovu, mkono hauna neno.

Sasa sikiliza. Mdogo wako, binti yangu wa mwisho, amepata kazi ya cherehani huko mjini kwako, kwenye kiwanda cha sare. Chumba kashapata. Mwezi wa kwanza anamchukua mtoto wake, yaani mjukuu wangu Redio, ambaye nimekaa naye miaka miwili. Tulimwita Redio kwa sababu akianza kusema hakuna kitufe cha kumzimia. Ataingia darasa la nne shuleni kwako. Nasikia darasa hilo lina vyumba vitatu na walimu watatu. Dereva wa lori la matofali, yule Breki, anasema mmoja anaitwa Mwalimu Rula, mama mkali, na kila aliyepita mikononi mwake leo ni mtu mkubwa anavaa viatu vya kung'aa. Wa pili anafundisha kwa kuimba. Wa tatu ni mgeni, kijana, hata ndevu zake bado hazijaamua.

Nataka Redio aende kwa Mwalimu Rula. Si ombi, ni taarifa. Seremala nimeshamwambia kwamba limekwisha, kwa hiyo usiniaibishe. Na mtoto mwenyewe hatakupa shida, anasoma kama maji ya mto. Barua zako ananisomea yeye. Si kwamba mimi sijui, nampa mazoezi tu.

Baba yako, mdogo wangu, alipotutoka, nani alikulea? Sisemi. Nauliza tu.

Baba yako Mkubwa,
mwenye tanuri ambalo halijawahi kuanguka

*

21 Oktoba

Baba Mkubwa, shikamoo.

Barua yako Breki ameileta ikiwa na alama ya kidole chenye grisi, lakini mwandiko nimeujua kwa mbali. Unabonyeza kalamu mpaka ukurasa wa nyuma nausoma kwa kupapasa.

Sisi hatujambo. Mume wangu ameng'olewa jino, na sasa anatembea nalo mfukoni kumwonyesha kila anayemsalimia. Mimi bado naenda shule kwa miguu, dakika kumi, na ndiyo starehe yangu. Nyumbani hatufugi kitu, maana huyu bwana akikaribia manyoya anapiga chafya mpaka vikombe vinalia kabatini.

Redio nafasi anayo, karibu sana. Ila kumpeleka kwa Mwalimu Rula siwezi. Angalia nimesema siwezi, sijasema sitaki.

Darasa la nne litakuwa na watoto mia moja ishirini na sita. Kila mmoja anaandikiwa kadi na mwalimu aliyekuwa naye mwaka huu. Kadi haina jina, ina namba. Inasema anasomaje, anahesabuje, anapatana na namba ngapi na anapigana na namba ngapi. Chini kuna mstari mmoja: jambo ambalo mwalimu mpya asipolijua, atamkosea mtoto huyu. Halafu walimu wangu watatu wanapiga magoti ukumbini na kuzipanga kadi sakafuni, mafungu matatu, mpaka wote wakubali kwamba hakuna fungu zito kuliko jingine. Mafungu yakishafungwa kwa kamba ndipo wanapookota vikaratasi kwenye boksi la chaki kujua nani achukue lipi. Hata mimi mpaka dakika hiyo sijui nani anakwenda kwa nani. Wazazi wengi hawanipendi kwa hilo, na wewe sasa umejiunga.

Kadi ya Redio ni namba mia moja ishirini na sita, ya mwisho, na bado ni tupu. Mwalimu wake wa huko nimemwandikia, ana watoto tisini chumba kimoja, maskini, akanijibu neno moja: "mchangamfu." Mama yake ananiambia, "Muulize Baba, ndiye aliyekaa naye." Kwa hiyo nakuuliza wewe. Akipewa ukurasa ambao hajawahi kuuona, anausoma? Nataka jibu la kawaida tu, lisilo na mapambo.

Na tafadhali, Baba Mkubwa, usitume kitu chochote kumlainisha mtu. Hata tofali moja.

Mwanao

*

3 Novemba

Mwanangu Mwalimu Mkuu,

Mkono wangu umekutangulia kukusalimu na moyo unafuata nyuma. Mvua bado. Vifaranga wamebaki saba, mwewe amekula wawili. Seremala ametengeneza kiti chenye miguu mitatu akasema ndiyo mtindo mpya.

Barua yako nimeipata na nimefurahi mno. Redio alinisomea tukiwa barazani, na seremala yupo, akaisikia yote kwa masikio yake. Nilijua hutaniangusha. Umesema Mwalimu Rula amekubali mara moja baada ya kusikia ni mjukuu wa nani. Safi. Hongera pia kwa baiskeli nyekundu. Kwa umri wako angalia breki za mbele, hizo ndizo zinazoua. Na hongera kwa paka kuzaa watoto watano. Huyo mweusi uliyesema umemwekea Redio, umwekee kweli, maana mtoto tangu siku ile halali kwa furaha, anauliza kama amefumbua macho.

Lakini lililonigusa ni pale ulipoandika kwamba umezunguka kila mahali hujaona matofali yaliyoiva kama yangu, na kwamba shule yako inayahitaji sana. Hilo nilimwambia Redio arudie. Akarudia, tena safari ya pili ukawa umenisifu zaidi. Seremala akanyanyuka akaenda zake.

Basi matofali mia tatu yanakuja na Breki. Ni ya katikati ya tanuri, mekundu kama moyo. Gonga moja kwa ukucha, usikie linavyolia.

Baba yako Mkubwa,
mwenye tanuri ambalo halijawahi kuanguka

*

17 Novemba

Baba Mkubwa, shikamoo.

Sote wazima. Jino limepotea na mume wangu ameomboleza siku mbili.

Matofali mia tatu yamefika. Breki ameyamwaga mbele ya lango la shule saa mbili kasoro, watoto mia nane wakiwa wanaingia. Mwalimu wa zamu amepanda juu yake kuongoza watoto kama askari wa barabarani. Mwalimu Rula amepita kando, akaokota moja, akaligonga kwa ukucha, akaniambia, "Huyu mchomaji anajua kazi." Akaliweka chini akaenda darasani. Nakwambia hilo kwa sababu ni kweli.

Sasa mengine ya kweli. Sina baiskeli. Sina paka. Sikusifu matofali, ingawa ni mazuri. Sikusema Mwalimu Rula amekubali. Niliandika karatasi nzima kusema kwamba hakuna wa kukubali wala kukataa.

Sisemi kitu, Baba Mkubwa, na wala sikasiriki. Naomba tu barua hii uisome wewe, kwa macho yako, hata ikichukua wiki. Nimeandika herufi kubwa na nimeacha nafasi kati ya mistari.

Swali langu ni lile lile.

Mwanao

*

30 Novemba

Mwalimu Mkuu,

Salamu.

Baiskeli nilikuwa natania. Paka pia nilikuwa natania. Wewe tangu mdogo hujui mzaha, umechukua kwa mama yako.

Mvua imenyesha Jumanne kidogo, Jumatano nyingi, Alhamisi hakuna. Vifaranga ni sita. Kiti cha seremala kimemwangusha mteja. Mimi mzima, macho yangu mazima, naona mpaka ng'ambo ya bonde.

Umeuliza habari za kusoma kwa mtoto. Ijumaa mvua ilirudi.

Matofali usiyarudishe. Mimi sirudishiwi kitu.

Baba yako Mkubwa

*

7 Desemba

Baba Mkubwa, shikamoo.

Nimeipata taarifa ya hali ya hewa, asante.

Leo nina dakika chache. Shule imefungwa, watoto wameondoka, na ofisi yangu imejaa kadi mpaka kwenye kiti cha wageni. Walimu watapiga magoti ukumbini tarehe ishirini. Kadi mia moja ishirini na tano zimejaa. Ile moja ni tupu.

Nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu nje ya shule. Mwaka juzi mzazi mmoja aliniletea mwanawe, akasema, "Hana neno huyu, mwandike tu." Nikamwandikia kadi safi. Mtoto yule alikuwa hasikii sikio la kushoto, na baba yake aliona aibu kusema. Tulimweka dirishani, sikio zima likielekea barabarani. Muhula mzima anaitwa mkaidi. Mimi mwenyewe nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamwuliza kwa nini hajibu akiitwa. Aliniangalia mdomo, akijaribu kuusoma. Bado naona macho yale. Baba yake ndiye aliyeficha, lakini mimi ndiye niliyemsimamisha mtoto.

Ndiyo maana nakusumbua.

Na unaniuliza, au hukuuliza lakini nakujua, huu utaratibu wa kupanga bila kuchagua nimeutoa wapi. Unakumbuka machungwa? Mimi, kaka na mdogo wangu tulikuwa tukigombana mpaka unakuja na jembe. Siku moja ukasema: mmoja apange mafungu matatu, na huyo huyo achukue la mwisho. Tangu siku ile nilipanga machungwa kama napanga dhahabu, nayapima mkononi, nayanusa. Ulitufundisha ukiwa umekaa juu ya rundo la matofali, na matope mpaka magotini. Mimi nimeongeza kamba na boksi la chaki tu.

Kwa hiyo ukinitaka nichague, unagombana na wewe mwenyewe.

Niandikie kabla ya ishirini.

Mwanao

*

13 Desemba

Mwanangu,

Nakusalimu taratibu leo, maana mkono umechoka. Barua yako nimeisoma mwenyewe, siku mbili, neno kwa neno, na kidole. Mahali nilipokwama niliruka nikarudi. Pale kwenye machungwa sikukwama.

Kumbe unakumbuka.

Sasa nitakwambia mambo mawili, na seremala asijue hata moja.

La kwanza. Wewe ulikuwa hujazaliwa bado. Mvua zilikuwa zinakuja, na mimi nilikuwa nimeahidi kwa watu kwamba tanuri langu litawaka Jumamosi. Nilikuwa na matofali kama arobaini bado yana maji tumboni. Nje yamekauka, ukiyapapasa huwezi kujua, ila mimi nilijua. Nikayaficha katikati, karibu na moto. Sikumwambia baba yako aliyekuwa anachochea. Kwa nini? Kwa sababu nilishasema Jumamosi. Basi moto ulipoingia yale mabichi yakapasuka, moja baada ya jingine, puu, puu, na upande mzima wa tanuri ukalala chini kama ng'ombe aliyechoka. Hakuna aliyeumia ila jina langu, na hilo nililiokoa kwa kusema kuni zilikuwa mbaya. Baba yako alijua. Hakusema mpaka anaingia kaburini. Tofali bichi halina kosa, mwanangu. Ukiliweka pembezoni mwa tanuri, mahali pa joto la polepole, linaiva kama mengine. Kosa ni la aliyelificha.

La pili ni hilo hilo.

Ile barua yako ambayo Redio aliitia baiskeli niliisoma baadaye peke yangu. Na ile ya matofali nilimpa Redio anisomee, nikiwa nimeshaijua yote. Akaishika vizuri, akakohoa kama mimi, akasoma: "Baba Mkubwa, asante kwa matofali, paka mweusi amefumbua macho, na Mwalimu Rula anakusalimu." Bila kukwama hata mahali pamoja. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Halafu nikatoka nikaenda kukaa tanurini, na hapo sikucheka.

Hasomi, mwanangu. Herufi anazijua moja moja kama watu wa njiani, lakini zikishikana mikono zinampotea. Kule darasani wako tisini, wenzake wakisoma yeye anashika kwa sikio na kurudisha. Ana sikio huyo! Na mimi nilipokuwa nikimwambia "Soma, Redio, seremala asikie," angefanya nini? Aniaibishe?

Tena hakujifunza kwingine. Lile gazeti ninalomsomea seremala barazani kila Jumapili, huwa natazama picha, kichwa cha habari naking'ang'ania, na yaliyobaki naongeza mwenyewe. Yeye amekaa miaka miwili pembeni yangu akiona kazi inavyofanywa.

Basi jaza kadi. Andika: hasomi bado, ila ukimsimulia kitu mara moja anakirudisha na faida juu. Kwenye ule mstari wa mwisho andika: anaficha, kwa sababu hapendi kumwaibisha anayempenda.

Na sasa nakuomba, hili ni ombi, si taarifa. Asiende kwa Mwalimu Rula. Breki ananiambia siku ya kwanza kila mtoto anasimama anasoma kwa sauti mbele ya wote. Redio atasimama atasoma kitu kizuri sana, na hakitakuwa kile kilichoandikwa. Watamcheka. Mpe yeyote, hata huyo asiye na ndevu.

Kitu kingine. Nasikia pia unapachika majina mlangoni siku ya kufungua. Hiyo siku watoto wanaojua kusoma watasukumana mbele na wasiojua watabaki nyuma wakijifanya wanafunga viatu. Najua. Mimi nilifunga viatu miaka mingi, wakati mwingine nikiwa peku. Hapa tanurini nusu ya vijana wangu hawasomi. Tunachora kwa mkaa, mstari mmoja, duara, au unyayo wa kuku. Kila mtu anajua fungu lake na hakuna anayeuliza. Wachoree milangoni.

Baba yako Mkubwa

*

12 Januari

Baba Mkubwa, shikamoo, na shikamoo nyingine kwa barua ile.

Redio amefika salama, mama yake pia hajambo. Ameshazoeana na mtaa mzima. Muuza maji anamwita kwa jina, na mimi muuza maji hajawahi kunisalimia.

Nikuanzie mwanzo. Tarehe ishirini walimu walipiga magoti. Namba mia moja ishirini na sita iligombaniwa saa nzima. Mwalimu wa nyimbo aliitaka, akasema, "Mwenye sikio hivi ni wangu." Yule kijana naye akaitaka, akasema aanze na mtoto atakayemfundisha kuongea, maana yeye mbele ya watu sauti inakauka. Mwalimu Rula aliisoma kadi, akairudisha chini, akaisoma tena ule mstari wa mwisho. Waliipeleka fungu hili, wakaitoa, wakabadilishana na watoto wawili wapiganaji na mmoja anayelia, mpaka mafungu yakalingana. Nikafunga kamba. Wakaingiza mikono kwenye boksi la chaki.

Kaa chini, Baba Mkubwa. Amekwenda kwa Mwalimu Rula.

Nilikuwa na barua yako mfukoni. Nani angejua nikifungua kamba mbili na kubadilisha kadi? Nilifika mpaka kwenye fundo. Nikakumbuka machungwa, nikaliacha fundo.

Siku ya kufungua hapakuwa na jina mlangoni. Kila mtoto alipewa kikaratasi chenye alama, na milango ilikuwa na alama hizo hizo za chaki, kubwa kama sufuria. Ndani ya dakika sita watoto wote mia moja ishirini na sita walikuwa wameketi. Mwaka jana tulimaliza saa moja na nusu, na wazazi wawili wakashikana mashati. Hakuna aliyefunga kiatu. Redio alikuwa unyayo wa kuku. Alikuwa akitembea ananyanyua miguu kama kuku, na nyuma yake fungu zima linamwiga.

Nilisimama kwenye korido, kando ya dirisha, kusikiliza. Mwalimu Rula akaingia, akapanga rula mezani, akasema, "Kila mwaka siku ya kwanza watu wanasimama na kunisomea. Mwaka huu magoti yangu yanauma, sitaki kumwona mtu amesimama. Nisimulieni, mimi ndiye nitakayeandika." Magoti yake hayana neno, kila asubuhi ananipita njiani. Redio akanyoosha mkono wa kwanza. Akasimulia tanuri, mwewe, kiti cha miguu mitatu, na baiskeli yangu nyekundu. Mwalimu Rula akaandika ubaoni yale yale, neno kwa neno, mpaka ubao ukajaa. Kisha akampa rula akamwambia, "Haya ni maneno yako. Nionyeshe liko wapi neno tanuri." Redio akatazama ubao. Kisha nikasikia rula inagonga ubao, mara moja.

Lilikuwa lenyewe.

Kila siku wanafanya hivyo. Anasema, mwalimu anaandika, na kesho yake anayasoma aliyoyasema jana. Hawezi kuongeza kitu, maana ameshakiongeza.

Matofali yako nimeyaandikia barua kwa ofisi ya elimu kwamba ni zawadi kwa shule nzima, yasije yakaitwa ya mtu. Yamekuwa ngazi. Vyumba vya darasa la nne vilikuwa juu ya kizingiti kirefu, wadogo wakipanda kwa magoti. Sasa vina ngazi tatu kila mlango, sawasawa.

Paka nimelazimika kumtafuta. Mtoto aliniuliza yuko wapi nikakosa uso wa kumtazama. Ni mweusi, anakaa stoo ya shule anapolinda vitabu dhidi ya panya, na mume wangu hajui lolote. Baiskeli aisahau.

Mwanao

*

9 Machi

Mwanangu Mwalimu Mkuu,

Nakusalimu kwa sauti ya juu mpaka huko ulipo. Mimi mzima. Nyumba imekuwa kimya, sikujua kwamba kuku wana mazungumzo mafupi namna hii. Seremala anakuja jioni. Jumapili iliyopita nilimwambia gazeti silisomi leo, tutazame picha tu. Akavuta pumzi ndefu, akasema, "Afadhali. Mimi hata sijui kama huwa unalishika wima." Kumbe na yeye hajui. Miaka kumi na minne tunadanganyana kwa heshima.

Nimesikia mambo ya Mwalimu Rula. Nilisema tangu barua ya kwanza kwamba mtoto aende kwa Mwalimu Rula. Angalia tarehe nne Oktoba, utaikuta. Watu mnachelewa kunisikiliza. Na habari ya alama milangoni, wakikuuliza wazo limetoka kwa nani, usimumunye maneno.

Lakini ninalokuandikia si hilo. Breki ameniletea barua nyingine, ndogo, imekunjwa mara nane. Mwandiko umelala kama majani yaliyopigwa na upepo. Ilifika nikiwa nimemaliza chai, nikakaa nayo tanurini mpaka jua likawa kichwani. Seremala alipita akauliza kama nataka ipelekwe kwa mwalimu wa huku isomwe. Nikamfukuza. Nimeisoma yote, mwenyewe, na sikuongeza kitu. Imesema:

"Babu. Paka ni mweusi kweli. Mwalimu Rula anaogopa mijusi. Hizi ngazi ni zako nimewaambia. Baiskeli hakuna. Hii nimeandika mimi. Wewe je, unasoma?"

Hivyo tu. Swali lile lile ulilonitesa nalo wewe, sasa linatoka kwa mtoto.

Nimekaa nalo siku tatu. Kumjibu yeye nitamjibu kwa barua yake, nimeshaanza, niko mstari wa pili. Lakini wewe una kadi nyingi ofisini. Chukua moja, usiandike jina, namba weka yoyote. Andika: anasoma, polepole, asiharakishwe. Pale chini, kwenye mstari wa mwisho, andika kwamba anapenda kuandikiwa herufi kubwa na mistari iwe na nafasi, ila mwenyewe hatakuomba.

Halafu iweke fungu lolote. Sichagui.

Baba yako Mkubwa,
mwenye tanuri ambalo limeanguka mara moja tu